Ijumaa Iliyopimwa Jumatano

Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wetu Ndugu Jitesh, Meneja Uzalishaji Bwana Chenge, Mama Felicitas Rwehumbiza unayetuaga leo pamoja na wanao waliovuka daraja kutoka Sengerema, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote mbili: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana.

Naitwa Rose Shimba, wa maabara. Nina miaka kumi na minane, na wanaonifahamu wanajua hata kuagiza chai kantini naona aibu. Nimeombwa nimsifu Mama Felicitas, mkaguzi wetu wa ubora. Nitamsifu. Lakini siwezi kumsifu bila kutaja kosa langu, kwa sababu kuna mtu humu ndani analibeba mpaka leo.

Nilipochukuliwa kazini kwa muda baada ya kidato cha sita, nilipewa karatasi ya ubaridi wa vyumba vya kugandishia minofu ya samaki. Imeandikwa kwa Kiingereza, nikaambiwa, "Wewe umekisoma, jaza." Wiki ya kwanza niliandika nilichokiona: chumba namba mbili, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri badala ya kumi na nane. Mkutano wa asubuhi ukauliza, "Nani kaandika hii?" Nikasimamishwa wima mpaka kikao kikaisha, wengine wanakunywa chai. Mmoja wenu, simtaji, akaninong'oneza nikitoka: "Dada, andika kumi na nane. Hiyo namba haiitwi mkutanoni." Tukacheka. Nikaandika kumi na nane. Baadaye hata mlango sikuufungua. Jumatatu najaza mpaka Ijumaa, na Bwana Maige, msimamizi wetu wa zamu, ambaye kutwa alikuwa anaitwa vikaoni, ameshaacha sahihi yake kwenye karatasi tupu.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, lori la mzigo liko getini, chumba namba mbili kikafunguliwa na minofu imelegea. Tani nne za sangara! Nilikuwa mlangoni mwa mkutano nimeshika faili. Swali likawa lile lile: nani? Sahihi ikasomwa, Bwana Chenge akaamuru: "Maige, kabidhi funguo, nenda nyumbani." Mimi nikatazama sakafu.

Ndipo Mama Felicitas akaingia na gambuti zake nyeupe zinadondosha maji, akaichukua ile karatasi.

"Bwana Chenge, leo siku gani?"

"Jumatano, mama. Kwani vipi?"

"Mbona Ijumaa ina baridi tayari?"

Ndugu zangu, hakuna aliyecheka. Wala Mama hakupaza sauti. Akasema, "Hapa anayeleta habari mbaya anasimama, anayeleta habari njema anapewa chai. Mlitegemea mtu aandike nini? Mkimfukuza Maige, nifukuzeni na mimi, maana karatasi kama hizi nimezipitisha miaka sita."

Mnajua mtu mdogo wa umbo anavyoweza kujaza chumba? Na Mkurugenzi, nikushukuru mbele ya watu. Ulitoka na suti yako, ukaingia chumba namba mbili, ukashika samaki kwa mkono. Tangu siku hiyo unapima mwenyewe kila asubuhi, na ukikuta kumi na moja unauliza kimeharibika nini. Mwezi huu karatasi zetu zina namba mbaya nyingi, na hatujatupa hata kilo moja.

Bwana Maige hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, akashushwa, sasa anasukuma toroli. Na mwandiko uliojaza ile Ijumaa ni wangu. Mama Felicitas aliutambua, maana alinifundisha yeye kushika kipima joto. Hakunitaja. Aliniambia tu, "Mwanangu, utasema siku utakayoweza." Nimesubiri miezi saba ili niweze, na yeye leo anaondoka.

Maneno haya hayamo kwenye nakala ya hotuba niliyopeleka ofisini ikapigwe muhuri. Bwana Chenge, nisamehe kwa hilo.

Bwana Maige, shikamoo. Nisamehe. Uliniona kila siku, ukanisalimia kila siku, nami nikaitikia.

Mkurugenzi, naomba ile barua itolewe kwenye faili lake leo, kabla keki haijakatwa, na ije kwangu. Mama Felicitas, nimeweza. Nawashukuru nyote mlionisikiliza. Sasa nasubiri hapa hapa, nimesimama.