Fundi Sikio na Roka Zilizonyamazishwa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mdogo wake, ambaye mji mzima unamwita Meneja, na ambaye yupo hapa leo, mstari wa mbele, ndani ya suti nyeusi. Mama yao alikuwa akifua nguo za watu, kwa hiyo marehemu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mpaka akajua kutembea. Hata alipojua kutembea, aliendelea kumbeba.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi. Huko ndiko alikopata jina la Sikio. Wenzake walikuwa na haraka ya kufungua injini. Yeye kwanza aliigusisha ncha ya bisibisi ndefu, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Jioni alirudi nyumbani na duara la oili kwenye sikio la kulia. Mama yake alimsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka akachoka, akasema, "Haya, basi kaa nalo, litakuoa."

Aliyemwoa kweli ni fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mwaka 1984 alikwenda kwake kushonewa ovaroli, akasikia cherehani inavyogonga, akaitengeneza bila kuombwa. Wiki iliyofuata akarudi kuuliza inaendeleaje. Na iliyofuata. Bibi huyo akamwambia, "Baba wee, mgonjwa wako alishapona. Sasa unakuja kumwona nani?" Walifunga ndoa mwezi Desemba mwaka huohuo.

Kazi yake kila mtu hapa anaijua, lakini isemwe vizuri. Mwaka 1981 alifungua gereji pamoja na mdogo wake. Meneja alipokea wateja mbele, marehemu alikuwa nyuma na injini, hasa zile za magari ya mashindano. Injini hizo zina roka, vimikono vya chuma vinavyozisukuma valvu, yaani vilango vya hewa na moshi, zifunguke, na zina kelele kuliko za magari ya kawaida. Roka ikiwa imeliwa, aliibadilisha. Ikikosa oili, alizibua njia. Nati ikilegea, aliikaza. Lakini kati ya roka na valvu aliacha nafasi nyembamba, unene wa karatasi chache, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Mteja akilalamika kwamba bado inagonga kidogo, alimjibu, "Kelele ya ugonjwa nimeitoa. Hii ni ya uzima, iache." Halafu kila nati aliichorea mstari wa rangi nyekundu ya kucha, ili ikisogea ajue. Rangi ilikuwa ya mkewe. "Wenzangu wanapaka vidole," alikuwa akilalamika, "mimi napaka injini za watu."

Mwezi Juni 1994, siku moja kabla ya mashindano makubwa ya mlimani, dereva mmoja maarufu alileta gari lake. Marehemu alilitengeneza asubuhi nzima, akachora mistari yake, akaenda nyumbani kula. Dereva alifika na marafiki zake, akaliwasha, akasema mbele yao, "Hii ndiyo kazi gani? Inalia kama mkebe wa misumari!" Meneja hakupenda kuaibika. Injini ilipopoa akafungua kifuniko, akazikaza nati zote mpaka ile nafasi ikaisha. Ikanyamaza kabisa. Dereva akampigia makofi.

Kesho yake, katikati ya mlima, gari lilizimika mbele ya umati. Chuma kilikuwa kimetanuka, valvu zikashindwa kujifunga, zikaungua. Dereva alikuja gereji akifoka, wateja wakatoka mpaka barabarani kusikiliza. "Nani alirekebisha valvu hizi?" Meneja alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Alifuta, akafuta. Akasema, "Kaka."

Marehemu alifungua kifuniko, akaona mistari yake yote imepinda. Akamtazama mdogo wake, akafunika tena. Nyumbani mkewe alipiga kelele kwa niaba yake. Yeye alisema tu, "Nikimvua nguo mdogo wangu mbele ya watu, uchi ni wetu sote. Atasema mwenyewe."

Hakusema. Habari ilienea kuliko moshi, na wateja wa mashindano wakakataa Sikio asiguse magari yao. Kufikia Krismasi kibao cha gereji kilikuwa na jina moja, nalo si lake. Marehemu aliishi kwa kutengeneza pampu za maji na jenereta kwenye baraza la nyumba yake, na kila lilipopita gari la mashindano aliinua kichwa.

Rasimu ya wasifu iliyoletwa na Meneja ilisema kwamba marehemu "aliacha gereji kwa hiari ili apumzike." Mjane aliisoma, akavua miwani, akauliza, "Hiari ya nani?" Ndiyo maana mnasikia huu, sio ule.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara nyingi, na kila mara aliuliza kama mdogo wake atakuja. Mwezi Aprili mwaka huu alikuja, na mfuko wa machungwa, akakaa saa nzima. Alipoondoka, marehemu alimuuliza mkewe, kwa kuwa usingizi ulikuwa umempitia, "Amesema?"

"Amesema timu yake imeshinda."

Marehemu akageukia ukutani. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Mei 2024. Inauma, na hatutasema haiumi.

Ameacha mjane, fundi cherehani, ambaye vidole vyake leo vimepakwa rangi nyekundu, na anayetaka kusema vibaya kuhusu hilo aseme. Ameacha mabinti wawili, mkubwa ndiye anayesoma maneno haya, na wajukuu watano. Ameacha bisibisi ndefu ambayo haiuzwi. Ameacha pia mdogo wake mmoja, ambaye kwenye ratiba, ukurasa wa nyuma, ndiye anayefuata kuzungumza kwa niaba ya familia.

Marehemu alisubiri miaka thelathini, na sasa apumzike kwa amani. Baba mdogo, kipaza sauti hiki hapa.