Majibu ya Ikram

Ndani ya basi la Handeni, mama mmoja alikuwa akimsimulia bibi wa kiti cha jirani kuhusu vipimo vya vinasaba vya Ikram, bintiye wa miaka sita asiyejua kusema. "Majibu yanasema ugonjwa huu hakuurithi kwangu wala kwa baba yake."

"Basi shukuru, mwanangu. Wakwe hawatakusema tena."

"Heri waliponisema, bibi. Nilikuwa bado natafuta dawa. Leo daktari kaniambia dawa haipo."

"Kijiji cha Sindeni yuko mganga wa mizizi."

"Mizizi ya nini tena? Nimeshachoka!"

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilijifanya nasoma tiketi, yenye maneno manne.

Basi liliposimama Kabuku, mama alimbeba Ikram mgongoni, akafika mlangoni, akageuka. "Bibi, huyo mganga anaitwa nani?"

Kondakta akamshusha, akagonga bodi, tukaondoka.