Kiapo cha Maji ya Boila

Sogeeni, wanangu, na mlango uacheni wazi nimwone anayepita nje, maana nyumba hii siku hizi ina masikio mengi kuliko watu. Laurenti, mwanangu wa kwanza, kaa kulia. Semboja, mwana wa dada yangu, kaa kushoto, mbali na hilo sanduku, tafadhali. Hilaria binti yangu, nipandishie mto. Pumzi iliyobaki ni ya kusemea maneno haya tu, kwa hiyo msinikatize.

Shamba la hapa Kang'ata gawaneni kwa mpaka wa minyaa kama nilivyoonyesha. Mbuzi ni wa Hilaria, aliyenilisha na kunifulia. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi umo sandukuni.

Mnaijua injini yangu, ndogo kama kibuyu cha togwa, ya shaba, na boila yake ya kuchemshia maji yawe mvuke, na gurudumu, na filimbi. Enzi za Mjerumani nilikuwa mchochea moto katika kiwanda cha mkonge kule karibu na Hale, nikitia kuni boila kubwa tangu alfajiri mpaka ngozi ya uso inabanduka, na fundi wetu Mjerumani ndiye aliyekuwa na hii ya kuchezea. Waingereza walipomchukua mateka alinikabidhi mbele ya watu, akasema, "Mhina, hii ni yako, wewe na moto mmezoeana." Nimeiwasha kila sikukuu tangu ninyi mnatambaa. Mkonge wote ule ulikwenda Ulaya bila jina langu. Hiyo peke yake ndiyo inayosema kwamba nilifanya kazi.

Sasa yule Mzungu wa makumbusho ya Dar es Salaam, anayezunguka na landrova akiokota vitu vya kale, alikuja juzi akanishika mkono kwa furaha, ati mtu wa nyumbani mwangu amekwisha kumwahidi injini nikifa. Nani? Akacheka, hakusema. Wataifungia katika kabati la kioo, isionje tena maji wala moto! Kikulacho ki nguoni mwako.

Sifichi, Semboja, nilikushuku wewe. Mila yetu Wazigua yasema mali ya mjomba humwendea mpwa, Laurenti anasema padre amefundisha vingine, mmenuniana hata salamu hampeani, nami nikawaza, huyu ameona atanyimwa, bora wakose wote. Na wewe Laurenti usitabasamu. Zamu yako ilifuata, maana uliuliza mno kama filimbi bado inalia.

Ndiyo maana leo nimetia maji ndani ya boila ile, nikayanenea maneno, nikayamimina katika kikombe hiki. Mtakunywa mmoja mmoja na kusema, "Sikuiahidi." Atakayesema uongo, tumbo limvimbe. Anza, Semboja.

Haya, umekunywa bila kupepesa. Laurenti, na wewe. Vema. Hilaria, wewe ni kutimiza desturi tu, mama, kunywa tupumzike.

Mbona umekiweka kikombe chini?

Wewe? Mwacheni, msimshike, aseme mwenyewe. Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yamechoka.

Mmesikia alivyosema? "Baba, nilimwahidi Mzungu ili kisibaki kitu cha kugombaniwa. Kila jioni unamnong'oneza Laurenti habari za Semboja, ukimaliza unamwita Semboja umpe habari za Laurenti. Wewe ukishazikwa, hawa watachinjana juu ya kaburi lako kwa ajili ya shaba."

Ee Mungu wangu. Hilaria, nimekasirika, wala siwezi kusema sikukasirika, lakini hujasema uongo. Semboja, nimekunywesha kiapo bure. Nisamehe, mpwa wangu.

Basi sikilizeni, nguvu zinakwisha. Nikishazikwa, iwasheni mara moja ya mwisho, Semboja atie maji, Laurenti awashe spiriti chini ya boila, kisha apewe huyo Mzungu. Hilaria, nenda nayo hadi Dar es Salaam, uone kwa macho yako wameandika Mhina, mchochea moto, si jina la yule fundi. Wakikukaribisha chai, usinywe mpaka uone imeandikwa. Simwamini yule, anacheka mno.

Mungu awape mvua... awape watoto wanaosikilizana kuliko ninyi. Nipeni maji. Hapana, si hayo. Ya mtungini.

Laurenti, Semboja, shikaneni mikono. Mmeshikana? Macho yana ukungu... msinidanganye. Leteni hapa niguse mwenyewe. Huu wa nani? Na huu?

Haya... Msiachie. Ngojeni kwanza nilale.