Tulipompumulia Mama kwa Mikono

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mnaocheka leo, asifiwe na sisi tuliokuja hapa macho yamevimba. Mimi ni Adela, fundi cherehani pale Mwanga. Wengi wenu mmevaa nguo nilizoshona. Mchungaji ameniomba mara nyingi nisimame nikawa nakwepa, maana ushuhuda wangu una kilio ndani yake. Leo nimesimama. Mnivumilie nikinyamaza katikati.

Mama yangu alikuwa anaishi kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa. Mnaomjua mnajua alivyokuwa: wa kwanza ufukweni kununua dagaa wabichi, anawaanika mwenyewe, anabeba ndoo kichwani huku anasalimia kila mtu kwa kilugha chetu, "Mwakeye! Mwakeye!" Baba alifariki tukiwa wadogo, na kwa kazi hiyo alitulea mimi na mdogo wangu Zakayo, ambaye sasa ni mvuvi.

Mama aliharisha kidogo, akapona, tukasahau. Baadaye akasema nyayo zinakufa ganzi. Siku iliyofuata alitaka kuinuka kitandani, magoti yakakataa. Zakayo akanipigia simu: "Dada, Mama hasimami." Nikamwambia labda ni uchovu. Kufika jioni hata kikombe hashiki. Ndugu zangu, mtu aliyebeba ndoo juzi tu!

Maneno yakaanza. Mama mkubwa, yaani dada yake Mama, akasema waziwazi: "Huyu amerogwa. Apelekwe kwa mtaalamu, sindano itamuua." Zakayo akakataa. Palipokucha akamlaza kwenye boti, akampakata kichwa njia nzima mpaka mwaloni Kibirizi, huku mjini. Mama mkubwa akapanda nao, ananung'unika. Nikawapokea majini, nimelowa hadi kiunoni. Mama akaniangalia, akasema kwa shida, "Adela, usilie mbele ya watu." Baada ya hapo sauti ikakatika.

Hospitali, daktari alimpima akatuita pembeni. Alisema ugonjwa huu hutokea kwa nadra sana: kinga ya mwili imegeuka, inashambulia mishipa ya fahamu. Kupooza kunaanzia miguuni, kunapanda.

"Kukifika kifuani hatapumua mwenyewe," akasema. "Lakini akivushwa hapo, anaweza kurudi."

"Avushwe na nini?" Zakayo akauliza.

"Mashine ya kupumulia."

Mashine iliyokuwepo ilikuwa kwa mgonjwa mwingine, msichana aliyezidiwa baada ya kujifungua. Na Mama hakuwa katika hali ya kusafirishwa mbali. Nani angesema msichana anyang'anywe pumzi tupewe sisi?

Siku hiyohiyo kifua cha Mama kikagoma. Wakamwingiza mrija kooni, wakaufunga kwenye mfuko wa mpira. Ukiubonyeza, hewa inaingia, ukiuachia, inatoka. Manesi wakatufundisha tupokezane nao. Ndugu zangu, mmewahi kumpumulia aliyewazaa? Mimi nabonyeza, Zakayo anabonyeza, mama mkubwa anabonyeza huku analia. Vidole vinakakamaa. Hata kupiga chafya unaogopa! Maombi marefu sikuweza. Nilisema "Yesu" nikibonyeza, "Yesu" nikiachia. Basi.

Uchovu ukatushinda akili. Mama mkubwa akaanza kuongea na Zakayo habari za kaburi, kwamba Mama azikwe Mwamgongo au Ujiji kwa wazazi wao. Nikaona chozi linatoka kwenye jicho la Mama, linateremka hadi sikioni. Nesi naye akaliona.

"Jamani, anawasikia," akasema. "Mwili umelala, akili iko macho."

Ee Bwana! Tulikuwa tunapanga maziko yake mbele yake! Mama mkubwa akaanguka magotini. "Mdogo wangu, nisamehe. Huzikwi popote, unasikia? Popote!" Tangu hapo tukawa tunamwongelesha: nani kajifungua, nani kaoa, ziwa limeamkaje.

Kisha, asubuhi tukiwa tunasinzia huku tumesimama, mzee mmoja akaja mlangoni, kofia mkononi. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa baba wa yule msichana mwenye mashine, mtu wa kijiji cha Kagunga.

"Binti yangu amepumzika," akasema. "Nimewaambia manesi wasichelewe. Mama yenu aende kwenye mashine."

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema asante. Niliendelea kubonyeza, machozi yananidondokea mikononi. Zakayo ndiye aliyemkumbatia, wakalia wote. Mzee akauliza jina la Mama ili amwombee. Mtu aliyefiwa wakati uleule!

Mashine ikampokea Mama. Wiki zikapita, kidole kikacheza, halafu shingo, halafu akapumua mwenyewe. Mungu wetu ni mwema! Lakini nilipotaka kupiga vigelegele, nikakumbuka kuna kichanga Kagunga kinalia na mama yake hayupo.

Nilimuuliza Mchungaji: kwa nini huyu kapewa, yule kanyimwa? Hakunidanganya. Alisema, "Sijui, Adela," akakaa nami mpaka nikamaliza kulia. Hadi leo sijui, ndugu zangu, na siimbi kana kwamba najua.

Mama yuko kwangu sasa. Miguu haijarudi. Kifungo cha nguo hawezi kukifunga, mimi humfungia. Siku nyingine anageukia ukutani, hataki kula. Siku nyingine anasema, "Adela, nipo," nami najibu, "Upo, Mama." Tulienda Kagunga kuhani msiba, mimi na Zakayo. Mzee alinipakatisha mjukuu wake, msichana, akasema, "Mbebe kidogo, nami nipumzike mikono." Nilimbeba mpaka akalala.

Namshukuru Yesu. Hakunijibu yote niliyomuuliza, lakini hakutoka chumbani mle. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, siwezi kukuahidi atainuka. Nakuahidi hutalia peke yako. Mtegemee Bwana hata kama umemkasirikia, mwambie hivyohivyo. Njoo hapa mbele. Na kabla hatujakuombea, naomba kanisa zima lisimame tumwombee mtoto wa Kagunga akue, ajue kwamba mama yake alipendwa. Amina.