Fungeni Mlango Kabla ya Kulia

Niinueni, wapwa zangu, mniegemeze ukutani, maana habari aliyoniletea Shamsia asubuhi hii haisikilizwi mtu akiwa amelala chali kama maiti; umaiti wenyewe uko njiani, utanikuta. Hatibu, umesikia alichosema dada yako? Kamwona sange jike korongoni, pua ndefu ikichokoa majani, na mtoto nyuma yake. Wamezaa, mjomba, wamezaa ndani ya uzio wetu, na furaha niliyo nayo imenisahaulisha hata kukohoa.

Sasa nisikilizeni. Ardhi hii si yangu, ni ya lukolo, ukoo wa mama zetu, ndiyo maana nawausia ninyi watoto wa dada yangu. Wanangu wa kuzaa wana ardhi kwa mama yao. Mashamba ya kabichi gawaneni bila kugombana. Kile kipande cha msitu hakigawanywi, kina wenyewe.

Watu walipohamia kijiji cha ujamaa kule chini waliacha mbwa na paka huku juu, na mwenye njaa hana miiko. Sange wa mlima mzima wakaliwa. Ndipo tukajenga ule ukuta wa mawe, juu tukapigilia madebe yaliyokunjuliwa ili kucha za paka ziteleze, tukanasa paka na vicheche waliokuwamo tukawatoa, kisha tukawaingiza sange wachache waliosalia. Watu wakanicheka, eti Mzee Yunusi anafuga panya. Nawe Hatibu, ulipotoka kwenye semina ya usafi ukafagia msitu, ukachoma malundo ya majani ukidhani takataka, kumbe ndiyo vitanda vyao. Nilikununia sana, leo naicheka. Lakini usifagie tena, mjomba.

Mwinshehe jirani yetu hatusemezani naye tangu mbwa wake alipoingia mle akaua sange. Ugomvi huo nauzika mimi, msiufukue. Namjua, kilio kikipigwa atakuwa wa kwanza kuja, mbwa wake nyuma, na njia ya mkato inapita pale pale kwenye mlango wa uzio. Mpokeeni, abebe jeneza mbele. Nizikeni nje ya uzio, hata mimi nisiwasumbue.

Shamsia, mbona unatazama chini? Mlango ulifunga?

Hukufunga. Ulikimbia kuniletea habari njema ukauacha wazi. Usilie, mama, ningekuwa na miguu yako ningefanya hivyo hivyo. Kimbia ukafunge, ugongee kabari, kisha upige debe kwa jiwe nisikie. Mlango ule ni wako kuanzia leo, wewe na watakaotoka tumboni mwako. Nenda.

Hatibu, nishike mkono. Nikitangulia kabla hajarudi, nyamaza. Ziba mdomo, uma shuka ukiweza, pasitoke sauti humu ndani mpaka debe lilie, maana yowe moja tu litawaleta watu na mbwa wote wa mteremko huu. Radhi yangu mnayo, wote wawili. Mungu awape uzao, awape na subira ya kungoja kama tulivyongoja sisi... Mtoto wa sange, Hatibu. Nilidhani nitakufa sijamsikia.

Maji... hapana, acha. Sikiliza.

Hilo debe. Umelisikia? Kafunga.

Haya, mjomba. Sasa... lieni.