Hata Jipu Hutunga: Historia ya Mume Wangu

Wazazi wetu, majirani na wafiwa wenzangu, mnivumilie, mashemeji walitaka historia hii ya marehemu aisome mzee wa ukoo nikakataa, marehemu ni mume wangu, nitaisoma mimi.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1990, nyumba ya nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma msingi mtaa wa pili, akamaliza sekondari mwaka 2008, akawa mtunzi wa mashairi ya harusi na matangazo ya redio, tukafunga ndoa tarehe 12 Desemba 2020, na Mungu akatujalia huyu binti niliyembeba, ana miezi saba.

Tarehe 1 Machi 2023 aliajiriwa na ofisi inayopima ubunifu wa kompyuta, akawa anasoma mashairi bila kuambiwa katunga mtu au mashine, kisha anatoa alama, na mkuu wake, yule pale mbele mwenye miwani ya jua, alipomuuliza mbona anaibania mashine alama na inatunga vizuri, mume wangu alimjibu, bosi, hata jipu hutunga, wewe tazama limetunga nini. Ofisi nzima ilicheka, yeye akaitwa mwenye wivu, alama zake zikafutwa, ikaletwa mashine ipime mashine, zikapeana tisa kwa kumi, nyani haoni kundule, sembuse akipimwa na nyani mwenzake!

Figo zilianza kumsumbua mwezi Juni mwaka huu, akalazwa wodi ya tatu, akafariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Leo mkuu huyohuyo kaniletea historia iliyotungwa na mashine, eti shemeji soma hii, ina alama nzuri, nikaisoma, inasema marehemu aliondoka akitabasamu kama taa inayofifia. Uongo! Alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda, akaniuliza mtoto kala nini, nikamwambia uji, akasema, mwongezee maziwa, basi, hakusema tena. Neno hilo halina vina wala mizani, lakini ndilo lake la mwisho, na mimi naogopa, maana mtoto huyu baba yake atamjua kwa haya tunayoyasema sisi, akipewa taa atabaki na taa.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na viti, wafanyakazi wenzake mliocheka siku ile, na wewe bosi, asante kwa kuja, karatasi yako ondoka nayo.

Pumzika kwa amani, baba wa mwanangu, hasira niachie mimi.