Tundu la Mwisho Mlangoni kwa Bibi Sunrye

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa.

Mmesema tega. Haya. Nyumba yangu ina kuta mbili tu. Nikiifungua, kuku wanatoka, basi linapita, mtoto anacheka. Nikiifunga, wote wanalala.

Aliyesema kabati, anipe mji. Busan? Asante. Nimefika Busan, nimekula samaki wao, nimerudi na jibu. Ni kitabu cha picha.

Na leo tunamkumbuka mama wa vitabu vya picha hapa wilayani kwetu, Bibi Maeng Sunrye wa kijiji cha Darakgol. Bibi Sunrye ametutoka Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka tisini na mmoja. Wengi wenu mmelelewa na vitabu vyake. Kuna kile cha mtoto aliyefunga kamba kwenye kibuyu akakiswaga kama ng'ombe, mpaka kibuyu kikagoma kuvuka mto. Kuna kile cha blanketi lililokuwa mlima, na paka aliyekwama kileleni. Lakini leo nataka kukisimulia kile cha kwanza, kwa sababu hicho hakikuanzia kwenye karatasi ya kitabu. Kilianzia mlangoni.

Turudi nyuma, mwaka wa sabini na nane. Bibi Sunrye alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee kwa homa. Mwana huyo aliacha mke na binti wa miaka minne, Mihwa. Baada ya mwaka mpya, mama yake Mihwa alikwenda Busan kushona viatu kiwandani. Akamwambia mtoto, "Nitarudi Chuseok, sikukuu ya mavuno, mwezi ukijaa." Basi.

Mtoto wa miaka minne anaujua mwezi, hajui miezi. Kila asubuhi Mihwa aliketi nyuma ya mlango wa fito uliobandikwa karatasi, akalamba kidole, akatoboa tundu, akaweka jicho, akatazama lango. Mama hayupo. Kesho yake analamba tena kidole. Mnaijua sauti ile, pu! kama kiputo kinachopasuka.

Babu yake, Mzee Bang Deoksu, hakuipenda sauti ile hata kidogo.

"Huu ni mlango au chekeche?" alinguruma. "Upepo siku hizi unaingia bila kupiga hodi!"

"Mkaribishe, mpe uji," Bibi Sunrye akamjibu.

Sasa, tundu la mlango huzibwa kwa jani au ua la karatasi, ndivyo tulivyokuta. Bibi Sunrye akachukua karatasi nyekundu ya kalenda kuukuu, akakata. Mkasi wake ukateleza, au labda haukuteleza. Akatoka kuku. Akambandika.

Mihwa akamtazama yule kuku muda mrefu. "Anakwenda wapi?"

"Niambie wewe."

"Anakwenda kumpokea Mama."

"Peke yake?"

Mtoto akafikiri. Akalamba kidole, akatoboa mbele ya kuku. "Hapa weka basi. Kuku atachoka."

Ndivyo ilivyoanza, wasikilizaji wapendwa. Mtoto akitoboa, bibi akiziba. Likaja basi la bluu. Ikaja jozi ya viatu, kwa sababu Mihwa alisema Mama anashonea watu wengine viatu kutwa, isije ikawa yeye anatembea pekupeku. Ukaja mto. Akaja chura wa kulivusha basi mgongoni, maana daraja hakuna aliyelikumbuka. Viraka vikatambaa kutoka kwenye kishikio kuelekea kizingitini, hatua kwa hatua, kama barabara.

Na jua la jioni lilipoupiga mlango ule! Mihwa mwenyewe ameniambia: "Kuku alishuka sakafuni, mwekundu. Basi likashuka, la bluu. Mimi nilikuwa nalifuata kwa kidole cha mguu. Likinipanda juu ya goti, nanyamaza kabisa, nisiwaamshe abiria."

Chuseok ikakaribia. Na mnajua, hakuna nyumba inayopokea wageni na roho za wazee kwa mlango wenye viraka. Mzee Deoksu akaja na ndoo ya maji na karatasi mpya nyeupe. Mila ni mila: unalowesha karatasi kuukuu, unaichana, unaitupa.

Mihwa akajitupa mbele ya ndoo. "Babu, usimwage! Barabara itazama! Mama atapita wapi?"

"Mama yako atapita langoni kama watu wote."

"Na basi je? Na chura?"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akawa anatazama mlango. Mwishowe Bibi Sunrye akasema, "Baba, mila inasema itoke. Haikusema ichanike."

Akalowesha fito kwa kitambaa, polepole, akibandua kwa ukucha. Asubuhi ile uji uliungua. Mzee alisimama pembeni akinuna, kisha akaona upande wa pili unalegea, akaudaka kwa mikono miwili. Na hapo ndipo Bibi Sunrye aliposikia maneno ambayo aliyacheka mpaka uzeeni. Mzee alisema, "Shika vizuri huko, wewe! Utalipindua basi!"

Wakaianika kambani. Ilipokauka wakaikunja kwa kufuata alama za fito, kama upepeo wa kukunja. Wakaishonea vipande viwili vya boksi, mbele na nyuma. Kuta mbili, wasikilizaji wapendwa. Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza.

Mkesha wa sikukuu mabasi yakashusha watu. Wana wa jirani wakashuka na vifurushi. Mama yake Mihwa hakushuka. Basi la mwisho likageuza, likaondoka.

Mihwa aliketi barazani na kitabu chake. Mlango mpya, mweupe pe, hakuugusa. Akafungua mkunjo wa mwisho. Pale palikuwa na tundu moja ambalo Bibi hakuwahi kuliziba. Akaweka jicho.

Bibi Sunrye alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono imejaa unga wa vibumunda vya sikukuu. Hakuwa na mama wa kumpa. Akauliza tu, "Unamwona nani?"

"Namwona Bibi."

"Basi ndiye aliyefika kwanza."

Mama alifika siku ya pili baada ya sikukuu, miguu imevimba, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimewazuia mpaka wamalize kazi. "Nililia njia nzima," anasema mama huyo, ambaye sasa naye ni bibi. "Nikajua mtoto hatanisamehe. Nikamkuta anampandisha kuku kwenye basi. Akaniambia, Mama, umechelewa, lakini kiti chako kipo." Naye Mihwa anasema, "Kusema kweli, mama alivyoingia sikumbuki. Nalikumbuka jicho la Bibi, upande wa pili wa tundu."

Kitabu kile kilipochapishwa miaka baadaye, mhariri alimwomba azibe tundu, achore mama. Bibi Sunrye akakataa. "Sijui nani atakuwa amempakata mtoto siku hiyo," alisema. "Mwache amwone huyo." Ndiyo maana kila nakala ina tundu la kweli ukurasa wa mwisho.

Juzi msibani, mjukuu wa Mihwa, Dao, wa miaka minne, alikuwa akiuliza Bibi Mkubwa kaenda wapi. Mihwa akamfungulia kile kitabu cha zamani, karatasi imekuwa ya manjano. Dao akaweka jicho kwenye tundu.

"Unamwona nani?"

"Nakuona wewe, Bibi. Mbona unalia?"

Mihwa na mama yake, na Dao, na Darakgol nzima, poleni sana. Tunaomboleza pamoja nanyi. Bibi Sunrye apumzike kwa amani.

Nanyi mliobaki majumbani, jioni ya leo mtoto akikutobolea kitu, au akikugeuzia sufuria kuwa ngoma, kabla hujafoka, muulize kwanza: hii inakwenda wapi? Ukae umsikilize.

Nina kitendawili cha kuwaachia. Dirisha langu dogo, kidole kimelifungua. Nikichungulia, simwoni ninayemngoja, namwona aliyeningoja.

Msinipigie simu kunipa jibu. Mpeni mtoto aliye karibu nanyi.